Laki 3 na elfu 12 zilizoisha wiki mbili: kisa cha dogo wa chumba cha uani

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeombwa na watu wa kanda nyingine niwaelezee hiki kisa cha jirani yetu aliyeugua kifua kikuu (TB), wanataka kuanzisha mfuko wa kusaidia wagonjwa na wamesikia sisi "tulifanikiwa". Sijui nani alieneza hiyo habari. Ngoja niiweke yote hapa kama ilivyotokea, mimi ndo nilikua katibu wa jumuiya (kikundi cha Wakatoliki majirani tunaosali pamoja) kwaiyo karibu makosa yote yalipita mkononi mwangu. Majina nimeyaacha, na parokia pia sitaitaja, wanaotufahamu watajijua.

Tunaishi Manzese, upande wa Midizini. Nyumba ninayoiongelea ina vyumba nane, choo kimoja, uani kuna vyumba viwili vya kuongezea ambavyo kuta zake hazijafika juu, bati ni moja kwa wote, kwaiyo wa chumba hiki akikohoa wa chumba kile anasema pole. Nataja hili maana kuna usemi umezoeleka kwamba mjini hakuna jirani, kila mtu na lake. Huku kwetu siyo kweli. Sensa ya 2022 ilihesabu Dar watu 5,383,728 na mimi naona nusu yao wanapita kwenye uchochoro wetu. Jirani yupo, tena unamsikia akigeuka kitandani, ila kumsikia ni kitu kimoja na kumjua ni kingine kabisa.

Huyo dogo alikua na kama miaka 28, mtu wa Kasulu, Mkatoliki wa kubatizwa ila jumuiyani hakua anaonekana. Alikua anauza jinzi za mtumba pale Karume mpaka soko lilipoungua usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari 2022, mzigo ukaisha wote na sehemu ya huo mzigo alikua ameukopa. Baada ya hapo akaingia kwenye mkokoteni, anashusha na kusukuma ndizi Mabibo. Anatoka usiku anarudi saa nne asubuhi analala. Sasa jumuiya yetu inasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, yani muda ambao yeye ndo yupo katikati ya ndizi. Kwa zaidi ya mwaka tulimuandika kwenye daftari "hahudhurii" na hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya kazi saa ngapi. Mimi ndo niliyekua naandika.

Jumamosi ya tarehe 11 Machi 2023, wiki ya tatu ya Kwaresima ilikua inaingia, tukasoma Injili ya Dominika, ile ya mwanamke Msamaria kisimani. Mnaijua, kuna ile sehemu Yesu anamwambia huyo mama kwamba amekua na waume watano na huyu aliye naye sasa siye mumewe. Kwenye jumuiya yetu yupo mama mmoja anakaanga maandazi mbele ya hiyo hiyo nyumba ya vyumba nane, anaishi na mzazi mwenzie mwaka wa tisa huu na ndoa hawajafunga kwaiyo hapokei komunyo, na kwa utaratibu wetu mtu wa hivyo hapewi uongozi. Yeye kila Jumamosi anakuja, anakaa mwisho kwenye mkeka karibu na mlango, anatoa sadaka yake, anaondoka. Siku hiyo tulipofika kwenye kushirikishana Neno, watu watatu wakaongea kuhusu "ndoa za uchumba sugu" bila kumtazama, ile bila kumtazama ambayo ni kama umemnyooshea kidole. Yeye kimya. Tulipofika kwenye matangazo ndo akainua mkono, akasema yule kijana wa chumba cha uani anakohoa tangu kabla ya Krismasi na jana ametema damu kwenye ndoo ya kufulia.

Kukawa kimya kidogo, halafu mzee mhazini akauliza swali ambalo najua wengi mtamlaumu: huyo ana kadi ya jumuiya? Analipa zaka? Kabla hamjamrukia naomba mnisikilize, huyu mzee siyo mtu mbaya na hoja yake siyo ya kijinga. Miaka ya nyuma alikuja mama mmoja na picha ya eksirei na barua yenye mhuri, tukamchangia, baadae tukasikia ameenda na eksirei hiyo hiyo kwenye makanisa mengine na misikiti miwili, jina kwenye eksirei lilikua la mwanaume. Mhazini ndo aliyesimama mbele ya wanajumuiya kueleza hela zao zimeenda wapi. Mtu aliyepitia hilo akiuliza kadi siwezi kusema hana imani, amechoka tu kuaibika. Mjini unasaidia watu usiowajua kwao, hujui baba yake wala shangazi yake, kijijini huyo mama wa eksirei asingethubutu.

Mwenyekiti akasema tuchange papo hapo kwa ajili ya kipimo. Ikapatikana elfu 38. Jumatatu mimi nilikua kazini (mimi ni mtu wa stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, bosi ukimwambia unampeleka jirani hospitali anakuuliza ni jirani au ni ndugu), kwaiyo nikamtumia mama maandazi elfu 5 ya bodaboda akaenda nae zahanati ya serikali. Wakamchukua makohozi. Jumatano tarehe 15 akaanza dozi ya kifua kikuu. Uzito kilo 46, vidonge vitatu kwa siku vyote kwa mkupuo, miezi sita, miwili ya mwanzo anachukua dawa kila Jumatano halafu minne inayofuata anachukua kwa nafasi ndefu zaidi.

Na dawa ni bure. Hapa ndo nataka mkae kidogo. Kipimo bure, dawa bure, nchi nzima, na hata huu utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akiwa anatazamwa na mtu, dunia ilikuja kujifunza sehemu kubwa ya kuuendesha hapa kwetu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu ulianza 1977, daktari Karel Styblo akaufanyia kazi humu humu Tanzania, na miaka ya 90 Shirika la Afya Duniani likaueneza nchi nyingine. Yani sisi ni kati ya walioonyesha kwamba kidonge peke yake hakiponyi, kinachoponya ni kidonge pamoja na mtu wa kusema "fungua mdomo nione". Mama maandazi aliporudi alinieleza vizuri tu, dawa hawauzi ila wanataka jina la msimamizi. Mimi nikasikia neno "bure" likapita, kichwa changu kilikua kishafika kwenye mchango.

Maana sisi mchango tunaujua. Nikaandika tangazo, nikalipeleka kwenye grupu la WhatsApp la kanda, watu kama 140, na kwa wiki moja kwa kweli watu walitoa. Jero, buku, msimbazi, kuna mtu alituma elfu 30 na hakutaka jina lake lisomwe. Ikafika laki 3 na elfu 12. Jumamosi tarehe 18 tukaenda viongozi wanne, tukasali, tukaimba, tukamkabidhi bahasha, na mimi nikapiga picha. Kwenye picha dogo amekaa kwenye kitanda, kavaa fulana ya njano imemning'inia, ameshika bahasha kwa mikono miwili na anatabasamu lile tabasamu la mtu anayeambiwa atabasamu. Nikaituma kwenye grupu na maneno "Tumemtembelea na kumfariji ndugu yetu anayesumbuliwa na TB, Mungu awabariki wote mliotoa". Emoji za mikono zikamiminika. Nilijisikia vizuri sana siku ile, nisiwadanganye.

Sasa hela ilienda wapi. Hii nimeipata baadae kwake mwenyewe na kwa wapangaji wenzie na naamini ni sahihi. Siku hiyo hiyo jioni mwenye nyumba alikuja, alishasikia bahasha, akadai kodi ya miezi mitatu, elfu 45 mara tatu, 135,000. Kesho yake dogo akatuma laki kwa mama yake Kasulu. Nilipomuuliza kwanini, akasema "Katibu mimi nilijua nakufa, nyie mmekuja wanne na nyimbo mkapiga na picha, nikasema hawa wameniaga." Ikabaki 77,000. Duka la mangi alikua anadaiwa 22,000, akalipa. Iliyobaki 55,000 akala na kupanda boda kwenda zahanati na kununua maji ya chupa sababu mtu alimwambia mwenye TB asinywe ya bomba, wakati haina maana yoyote. Wiki mbili, imeisha. Hakunywea pombe hata shilingi, nasema hivi sababu kuna mtu kwenye kikao aliuliza hivyo.

Alhamisi Kuu, tarehe 6 Aprili, nipo kanisani napanga viti 12 vya watakaooshwa miguu kwenye misa ya jioni, simu inaita namba ngeni. Sikupokea. Ikaita tena, nikapokea, kumbe ni nesi wa zahanati.

"Wewe ndo msimamizi wa mgonjwa wetu? Jana hajaja kuchukua dawa."

"Hapana sista, mimi ni katibu wa jumuiya."

"Hapa ameandika namba yako."

"Sawa lakini mimi siyo... jumuiya ndo inamsaidia."

Akanyamaza halafu akasema, "Jumuiya haimezeshi dawa kaka. Naomba mtu mwenye jina."

Nikamwambia nitalifuatilia. Na sikulifuatilia siku hiyo, wala Ijumaa Kuu, wala Jumamosi, niliona ngoja Pasaka ipite tutakaa kikao. Niliandika hata kwenye ajenda. Nimelisema hili kwa padri kwenye kitubio na nalisema tena hapa maana ni sehemu ya kisa, mtu amekatisha dozi na mimi nimemuweka kwenye ajenda.

Jumatatu ya Pasaka jioni ndo nikaenda. Nikamkuta amekaa nje kwenye ndoo iliyofunikwa. Nikauliza dawa, akasema anameza. Nikasema nionyeshe. Akaingia ndani akatoka na soksi nyeusi, ndani kuna vidonge sita, vyekundu kwa kahawia, vya siku mbili. Alipaswa kuwa ameshavimaliza Jumanne iliyopita na kuchukua vingine Jumatano. Mara ya mwisho kumeza ilikua Jumapili ya Matawi.

Sababu zake nilizichukua moja moja na hakuna hata moja iliyokua ya kipumbavu. Kwanza alikojoa mkojo mwekundu. Hii dawa inafanya hivyo, ni rangi ya dawa tu, na nesi alishamwambia siku ya kwanza, lakini siku ya kwanza mtu kaambiwa ana TB hasikii kitu kingine. Alivumilia wiki kadhaa halafu mpangaji mwenzie akaona chooni akamwambia figo hizo zinakatika. Pili, hela ilipoisha alikua anameza na tumbo tupu anatapika, na afya ilipoanza kurudi njaa ikaja kali kuliko ya kawaida, anasema aliona bora awe mgonjwa asiye na njaa kuliko anayepona na hana chakula. Tatu, alipojisikia nafuu alirudi Mabibo kuomba kazi na mwenye mkokoteni akamwambia kaa kwanza mpaka upone maana tumeona picha yako. Tumeona picha yako. Mke wa huyo mwenye mkokoteni yupo kwenye grupu la kanda.

Hiyo ya tatu ndo iliyonikalisha chini. Mimi nilimtangaza kwa watu 140 na wengine wakatuma kwenye magrupu yao "tuombee", kwaiyo uchochoro mzima ulimjua kama mgonjwa wa TB, na huku kwetu ukisema TB wapo wanaosikia ngoma, yani UKIMWI, moja kwa moja. Watoto wakakatazwa kupita mlangoni kwake. Wakati mtu aliyeanza dawa na anazimeza vizuri, baada ya kama wiki mbili kwa kawaida hatari ya kuambukiza inashuka sana, waliokua hatarini ni wale waliolala nae ukuta kwa ukuta miezi yote ile ya kukohoa bila dawa, na hao hatukuwafikiria kabisa.

Jumatano tarehe 12 tukaenda zahanati mimi, yeye na mama maandazi ambaye nilidhani anakuja kumsindikiza tu, kumbe nesi alishamwambia alete mtoto wake wa miaka mitatu achunguzwe maana wanakaa nyumba moja. Mtoto akaonekana hana ugonjwa, akapewa dawa za kinga. Dogo akagombezwa vizuri, siku 9 alizoruka zikasogezwa mbele, kadi ikafunguliwa, nesi akashika kalamu: msimamizi nani? Mimi nikaanza kueleza kwamba jumuiya inakaa Jumamosi tutateua... Mama maandazi akasema, "Sista niandike mimi. Mimi saa 10 nipo macho."

Hapo ndo kisa kilipogeuka na mimi sina mchango wowote kwenye kugeuka kwake.

Yeye anaamka saa 10 alfajiri kukanda na kukaanga. Alichofanya ni kumgongea dogo ukuta, dogo anatoka amejifunga shuka, anapewa kikombe cha uji na maandazi mawili ya kwanza kutoka kwenye karai, wanangoja kidogo tumbo litulie, anameza vidonge vitatu mbele yake, anafungua mdomo, anarudi kulala. Mchana anapewa mengine mawili yaliyovunjika yasiyouzika. Kwenye ukuta wake ana kalenda ya kanisa, ile yenye picha ya askofu, kila siku aliyomeza anachora alama kwa kipande cha mkaa kilichozimika. Mimi nilikuja kuiona mwezi wa sita nikashtuka, kalenda nyeusi tii, askofu mwenyewe ana mkaa begani. Kadi ya zahanati alikua anaijaza dogo mwenyewe kutoka kwenye ile kalenda.

Kuhusu mkojo alimaliza kwa sentensi moja, alimwambia siku ukiona mweupe ndo uje uniambie, nijue umenidanganya.

Sasa nije kwenye mahesabu maana mimi ni mtu wa stoo nayapenda. Uji na maandazi manne kwa siku, kwa bei yake ya kuuzia, ni kama buku. Miezi sita ni kama laki 1 na elfu 80. Sisi tulitoa laki 3 na elfu 12 kwa siku moja. Yani hela ya kumlisha mpaka anapona tulikua nayo, ikabaki na 132,000 ambayo ni karibu kodi ya miezi mitatu. Hatukukosa hela. Tulikosa wa kukaa nayo na kuitoa buku buku. Ila nisipake rangi pia, ukijumlisha kodi ya miezi sita 270,000 inafika laki 4 na nusu, haitoshi, kwaiyo wale wanaosema "siyo hela ni upendo tu" wakajaribu kumwambia mwenye nyumba hivyo.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni hiki. Kama dogo angekufa ile Pasaka, naapa ndani ya saa tatu turubai lingekua limefungwa, viti vimekuja, kamati ipo, daftari lipo mlangoni na mtu wa kuandika, vyakula, matangazo, na kumsafirisha mpaka Kasulu, safari ndefu ya basi, milioni na zaidi, tungezipata. Tumeshafanya hivyo kwa watu tusiowajua vizuri kuliko yeye. Msiba tunauweza sababu una mwanzo na una mwisho, una nafasi ya kila mtu, hata asiye na kitu anapewa ndoo achote maji, na siku ya tatu tunaanua matanga kila mtu anarudi kwake. Ugonjwa wa miezi sita hauna turubai. Jumatano ya kumi na moja hakuna anayeimba.

Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walipokaa Nairobi 1973 na tena 1976 wakaamua Kanisa lisimamie kwenye hizi jumuiya ndogo ndogo, sidhani waliwaza kukusanya bahasha za ujenzi na kuandika nani hajaja. Wazo lilikua watu wachache wanaokaa karibu kiasi cha kujuana. Sisi tupo karibu kiasi cha kusikiana tukikohoa na tumebaki na daftari la mahudhurio. Na kwenye ile habari ya Msamaria mwema ya Luka 10 sote tunataka kuwa Msamaria, anashuka kwenye punda, anafunga majeraha, ni tendo la barabarani watu wanaliona. Mwenye nyumba ya wageni hakuna anayemhubiri. Yeye ndo aliyebaki na mgonjwa, kubadilisha shuka, kumpa supu, anagharimia zaidi ya zile dinari mbili na kungoja ahadi ya mtu aliyeondoka. Mimi nilikua Msamaria wa aina yangu, Msamaria mwenye kamera, mama maandazi alibaki na mgonjwa.

Tuliyobadilisha baada ya hapo siyo makubwa. Tulikaa kikao mwezi wa tano, kikao kigumu, nikasoma mahesabu yote pamoja na ile laki ya Kasulu, mhazini akasema "mnaona" na mwenyekiti akasema "tunaona kwamba hatukumuuliza". Kwenye daftari tuna kaya 32, wanaokuja kwa uhakika ni 14. Tukakubaliana buku kwa kaya kila Jumamosi, mbali na sadaka, hiyo ni elfu 14 kwa wiki, haipewi mgonjwa mkononi, elfu 7 inaenda kwa mama maandazi kulipia anachompa na elfu 7 inakaa kwa mhazini kwa ajili ya kodi, na mwenye nyumba tulienda kuongea nae wazee wawili akakubali kupokea kwa awamu. Mama maandazi mwanzo alikataa hela, alisema hayo maandazi hata hivyo yangevunjika. Mhazini ndo aliyemshawishi, alimwambia mama usipochukua utachoka mwezi wa saba na sisi tutakua hatuna haki ya kukulaumu. Naona hiyo ni sentensi ya busara kuliko zote zilizosemwa kwenye hiki kisa.

Picha tulipiga marufuku. Ugonjwa wa mtu hautajwi kwenye grupu, inaandikwa "tuna jirani anahitaji" basi. Michango ilishuka, nawaambia ukweli, watu wanapenda kuona sura.

Na hiyo kauli ya mhazini ilikuja kutimia kwa namna yake, mwezi wa saba mama maandazi alifiwa na mjomba wake Ifakara, akaondoka siku nne. Nikasema nitasimamia mimi. Siku ya kwanza nilipitiwa na usingizi nikafika saa moja kasoro, nikakuta mzee mhazini kakaa kwenye kigoda cha mama maandazi, ana chupa ya chai na daftari la kurasa 32. Ameandika: "Vidonge 3. Saa 11:20. Amefungua mdomo." Ameweka na sahihi. Kaamka miaka 71 yake akatembea gizani kutoka kwake mpaka kule, mtu ambaye mwezi wa tatu alikua anauliza kadi. Siku zote nne ni yeye. Kwa mkaa hakuchora, alisema kalenda ya kanisa haichafuliwi, zile siku nne mpaka leo ni nyeupe.

Mwezi wa tisa dogo akamaliza, makohozi ya mwisho safi, kilo 54. Jumuiyani alikuja Jumamosi mbili akashukuru, tukampigia makofi, halafu akapotea. Amerudi kwenye ndizi, mkokoteni wa mtu mwingine, na saa 12 na nusu asubuhi bado ipo pale pale. Mhazini amenikumbusha mara mbili kwamba yule kijana hahudhurii. Sijaandika.

Mwishoni mwa mwaka tulitaka kuchagua mratibu wa matendo ya huruma na mtu mmoja akamtaja mama maandazi. Ukimya ukawa ule ule wa Injili ya kisimani. Mwenyekiti akaanza kuzungukazunguka kuhusu utaratibu, ndoa, tumuulize baba paroko. Mwenyewe akamkata: "Msijisumbue kumuuliza. Vikao vyenu vinaisha saa 4 usiku, mimi saa 10 nakanda." Akachaguliwa mtu mwingine, mzuri tu, ana gari.

Juzi nilikutana na dogo pale Midizini anavuka barabara na mzigo, jasho linamtoka, amenenepa mashavu. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza habari za nyumbani. Halafu kabla hajashika mkokoteni akasema, "Katibu, ile picha uliifuta?" Nikamwambia niliifuta zamani. Akaitikia kwa kichwa. Niliifuta kweli, kwenye simu yangu na kwenye grupu. Za wale 140 sina uwezo nazo, na yeye hilo analijua.